Mimea Mifupi ya Uani

Enyi wazazi na vijana wetu wa Shinyanga na Geita, nyua nyingi twaziona zimefagiliwa zikabaki udongo mtupu. Usafi ni mwema, lakini mvua zishukapo juu ya ardhi iliyo uchi huchukua udongo wa juu, na wakati wa kiangazi upepo huchukua uliosalia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulihimiza ngitili, yaani malisho yanayopumzishwa, na ardhi iliyokuwa kame ikavaa tena majani.

Basi acheni wazi njia na mahali pa watoto kuchezea. Kwengineko pandeni mimea mifupi. Matembele hutambaa upesi, hufunika ardhi, na majani yake ni mboga. Yapandeni mvua zianzapo. Wakati wa kiangazi yamwagieni maji ya udhu, yasipotee bure. Shubiri huweka maji katika majani yake manene, nayo hustahimili ukame.

Ila twawanasihi jambo moja. Palipochomwa dhahabu yenye zebaki, au palipomwagwa marudio, msipande chakula kabisa. Zebaki haionekani katika jani, nayo hudhuru ubongo wa watoto, khasa walio matumboni mwa mama zao. Hapo pandeni shubiri, wala msiifanye dawa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza ya kuwa apandaye mmea, ukaliwa na mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Basi sadaka yetu isiwe sumu.