Tasnifu Isiyo na Makosa

Ada moja imeota mizizi katika vyuo vikuu. Mtafiti huhangaika miaka mitatu, akajaribu njia saba, na sita kati yake zikamrudisha alipoanzia. Kisha huandika tasnifu ambayo ndani yake imo njia moja tu, nyofu kama uzi wa seremala. Zile sita hutupwa. Ada hii husifiwa kwa jina la unadhifu. Kwa kweli ni udanganyifu, na hasara yake ni kubwa kuliko aibu inayoifunika.

Habari ya vibao vya udongo vya Krete yatosha kuwa shahidi. Arthur Evans alianza kuvifukua Knossos mwaka 1900. Alipofariki mwaka 1941, sehemu kubwa ya vibao vyenye mwandiko uitwao Linear B ilikuwa haijachapishwa. Kwa miaka 40 waliotaka kujaribu kuusoma walikosa cha kujaribia.

Michael Ventris alikwenda mwendo mwingine. Hakuwa profesa, alikuwa msanifu wa majengo, na mwandiko ule ulikuwa umemshika tangu umri wa miaka 14. Alijenga juu ya msingi wa Alice Kober wa Marekani, aliyefariki mwaka 1950 baada ya kuonyesha kwamba maneno ya lugha ile hubadilika miishio. Ventris alipanga alama katika jedwali, zenye konsonanti moja katika mstari mmoja, zenye irabu moja katika safu moja. Alipanga, akapangua, akapanga tena. Katika mwaka 1951 na 1952 aliandika taarifa 20 za kazi yake, akawapelekea wataalamu, nazo zilijaa dhana zilizoanguka baadaye. Kubwa yao ilikuwa imani kwamba lugha ile ina undugu na Kietruski. Katika taarifa ya mwisho alikijaribu Kiyunani, na mwenyewe akaliita jaribio hilo mchepuko usio na uzito. Mchepuko huo ndio uliofika. Mwezi wa Julai 1952 alitangaza katika redio ya BBC kwamba lugha ni Kiyunani. Mwaka uliofuata kibao cha Pylos, ambacho hakupata kukiona alipokuwa akiunda jedwali, kilisomeka kwa jedwali hilo: penye picha ya chombo chenye vishikio vinne palikuwa na neno lenye maana hiyo hiyo.

Watetezi wa unadhifu husema kwamba msomaji hana haja ya kujua mtafiti alipotea wapi. Haja anayo. Mhariri wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu hukuta herufi iwezayo kusomwa b, p au mb. Akichapisha usomaji mmoja, asitaje aliyoikataa wala sababu zake, atakayemfuata atarudia safari ile ile gizani, au atalipokea kosa la mwenziwe akilidhani hakika.

Tena yuko mwanafunzi. Husoma tasnifu hizi zisizo na doa, kisha huitazama meza yake iliyojaa majaribio yaliyoharibika, akaamini kwamba wenziwe wana akili ambayo yeye hakupewa. Anayeacha utafiti kwa sababu hiyo hakushindwa na kazi. Ameshindwa na uongo wa waliomtangulia.

Si kila kosa lina thamani. Kosa la uvivu ni uvivu tu. Linalostahili kuhifadhiwa ni lile lililojaribiwa kwa haki na kukataliwa kwa hoja. Basi vyuo na vidai kila tasnifu iwe na sura ya njia zilizokataliwa, na watahini waipime kwa mizani ile ile waipimiayo hitimisho. Wahenga walinena kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Haifai wasomi wawe wa kwanza kuzifuta nyayo.