Faili ya mchezaji: Ifunguliwe lini, ifungwe lini?

Tuseme wachezaji wawili wamefanya kosa lile lile uwanjani na kamera imenasa kila kitu. Mmoja hajawahi kuonyeshwa kadi nyekundu maishani. Mwingine ana historia ndefu kuliko foleni ya Thika Road jioni. Je, wapewe adhabu sawa?

Uliza swali hili pale base na utaona mbogi ikigawanyika mara moja. Kuna watakaokuambia sheria ni msumeno, inafaa kukata wote sawa. Wengine watasema aliyezoea makosa aumie zaidi, imeisha hiyo.

Sisi tunasema historia ihesabiwe, lakini si kiholela.

Chukua Luis Suárez. Novemba 2010 akiwa Ajax, alimng'ata Otman Bakkal wa PSV na akafungiwa mechi 7. Aprili 2013 akiwa Liverpool, akamng'ata beki wa Chelsea, Branislav Ivanović. Hapo alipigwa marufuku ya mechi 10. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia nchini Brazil, zamu ikawa ya Giorgio Chiellini wa Italia. FIFA ilimfungia mechi 9 za kimataifa, ikamzuia kushiriki soka kwa miezi minne na kumtoza faini ya faranga 100,000 za Uswisi. Hata Chiellini mwenyewe alisema adhabu hiyo ilipita kiasi.

Sasa linganisha na Jermain Defoe. Mwaka wa 2006 akiichezea Tottenham, alimng'ata Javier Mascherano wa West Ham mkononi. Refa alimpa kadi ya manjano, na mambo yakaishia hapo. Meno ni meno, lakini mmoja alienda nyumbani na kadi ya manjano, mwingine akafungiwa miezi.

Kuna shabiki atakayesema huo ni uonevu. Mtu akishatumikia adhabu yake, deni limelipwa. Mbona atozwe tena? Hoja hii ina uzito, usiicheke. Lakini adhabu haiko pale kulipisha deni tu. Kazi yake nyingine ni kumzuia mtu asirudie, na kumlinda yule beki atakayekutana naye wiki ijayo. Kama mechi 7 hazikumfunza, na 10 pia hazikumfunza, kumrudishia 7 ni kujidanganya. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Tena mpira wenyewe umekubali jambo hili kitambo. Mchezaji wa EPL akikusanya kadi tano za manjano mapema msimuni, anakosa mechi moja hata kama ile ya tano ilikuwa ya kuvuta jezi tu. Akipata kadi nyekundu ya pili msimu huo huo, anaongezewa mechi. Kanuni za nidhamu za FIFA nazo zinaruhusu adhabu kuongezwa kwa anayerudia kosa. Kwa hivyo faili ya zamani itafunguliwa tu. Kinachohitaji kuwekewa mipaka ni namna ya kuisoma.

Kwanza, kosa la zamani lifanane na la sasa. Mwaka wa 2011 Suárez alifungiwa mechi 8 na kutozwa faini ya pauni 40,000 kwa kumtusi Patrice Evra kwa rangi yake. Hilo ni kosa zito sana, na liwekewe uzito wake lenyewe. Lakini ukilitia kwenye kesi ya kung'ata, huadhibu tena kosa. Unaadhibu tabia ya mtu kwa sababu humpendi.

Pili, faili isitumike kamwe kuthibitisha hatia. Hapa ndipo mashabiki wengi tunateleza. Mchezaji mwenye jina baya akigusana na mtu tu, tayari tumemhukumu kabla hata marudio hayajaonyeshwa. Ushahidi wa siku hiyo usimame peke yake. Kamati ikishasema, ndio, alifanya, basi faili ifunguliwe ili kupima adhabu. Ukigeuza mpangilio huo, kuna siku mchezaji ataadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tatu, faili iwe na mwisho. Kadi za manjano hufutwa msimu ukiisha, basi na makosa makubwa yawe na muda wake, hata kama ni mrefu. Baada ya fainali ya Leagues Cup mwaka wa 2025, Suárez akiwa Inter Miami alimtemea mate afisa wa Seattle Sounders. Alifungiwa mechi 6 za shindano hilo, na ligi ya MLS ikaongeza 3. Mitandaoni, picha za meno yake zikafufuliwa papo hapo. Kutema mate ni uchafu na alistahili kufungiwa. Lakini kumwongezea mechi kwa sababu ya Chiellini, miaka 11 baadaye, kungekuwa ni kumwambia kila kijana mtukutu kwamba hata abadilike vipi, hakuna atakayemhesabia.

Na usidhani mambo haya ni ya Ulaya na Amerika pekee. Kwenye ligi za mtaani kuna vijana wanaocheza na jina walilopewa wakiwa na miaka 15. Fujo ikizuka, refa anamtafuta yeye kwanza. Mwingine aliyerusha ngumi anatembea huru kwa sababu anajulikana kuwa mtoto mpole.

Kwa hivyo ukikalia kiti cha kamati ya nidhamu, hata kama ni ya timu yenu ya estate, uliza kwa mpangilio: alifanya au hakufanya? Amewahi kufanya kosa hili hili? Ni lini? Ukishajibu hayo matatu, ndipo uhesabu mechi.