Uko laivu Kiganjo na watazamaji ni wanne. Nani amesema wewe ni wa mwisho?

Siku hizi mtaani msee akikuambia anastrimu gemu, hakuna anayemuuliza anacheza nini wala kama anajua kucheza. Swali ni moja: “Uko na watazamaji wangapi?” Akisema wanne, watu wanaangaliana, kisha wanaangua kicheko. Hapa Kiganjo nimeona vijana wakiacha hii kitu kwa sababu ya kicheko hicho tu. Namjua mmoja aliyekopa kwa apu ya simu akanunue watazamaji. Si maikrofoni, si kamera. Watazamaji.

Basi tuiangalie hiyo namba vizuri, maana wengi wanaoiogopa hawajui inapikwa vipi.

Twitch, ile ya Amazon (waliinunua 2014 kwa karibu dola milioni 970), haikupimi kwa jumla ya watu waliopita kwako. Inapima wastani wa waliokuwa ndani kwa wakati mmoja. Chukua saa zote ambazo watu wamekutazama, ugawe kwa saa ulizokuwa hewani. Tuseme marafiki kumi, kutoka Makongeni hadi Section 9, wameingia na kila mmoja amekaa nusu saa kabla bando haijamkatikia. Hizo ni saa tano za kutazamwa. Kama ulikuwa laivu saa nne, wastani wako ni 1.25. Watu kumi wenye damu na nyama, na mashine inakuambia uko na mtu mmoja na robo. Hiyo robo labda ni yule aliyeacha simu mezani akaenda kusonga ugali.

Sasa chukua watu walewale kumi, nusu saa ileile, lakini wewe ukae hewani saa moja na nusu pekee. Wastani unaruka hadi 3.3. Hujaboresha chochote, hujapata shabiki mpya, umezima mapema tu. Na hapo pana pesa, kwa sababu kwa miaka mingi sharti la kupanda ngazi ya kwanza Twitch, ile ya Affiliate, lilikuwa wafuasi 50, siku saba tofauti za kustrimu ndani ya siku 30, karibu saa nane hewani na wastani wa watazamaji watatu. Watatu! Ngazi ya juu yake, Partner, inataka saa 25, siku 12 na wastani wa 75. Kwa hivyo yule mnayemcheka na wanne wake ameshavuka mstari ambao watu wengi sana duniani hawajawahi kuuona.

Halafu kuna hizi orodha za “strima mkubwa zaidi” ambazo watu hutumiana WhatsApp. Mkubwa kwa kipimo gani? Tovuti kama TwitchTracker na SullyGnome zinakuruhusu kupanga watu kwa wastani, kwa kilele, kwa saa zilizotazamwa au kwa wafuasi, na kila ukibadilisha kipimo, majina yanabadilishana viti. Mwenye watazamaji 20 akikaa hewani saa 200 kwa mwezi ana saa 4,000 za kutazamwa. Mwenye watazamaji 100 akikaa saa 20 ana 2,000. Orodha moja inasema wa kwanza ndiye mkubwa, nyingine inasema wa pili, na hakuna inayodanganya.

Kilele nacho ndicho kinachopenda vichwa vya habari. Machi 2018 Ninja alicheza Fortnite na rapa Drake na watu zaidi ya 600,000 wakawa ndani kwa wakati mmoja. Januari 2021 Mhispania TheGrefg alipita milioni 2.4, na hakuwa anashinda mechi yoyote ya maana, alikuwa anaonyesha vazi lake jipya ndani ya Fortnite. Mwaka uliofuata Mhispania mwingine, Ibai, akapita milioni 3 kwa mapambano ya ndondi. Ndondi, jamani, kwenye mtandao uliojengwa kwa ajili ya gemu. Kilele kinakuambia siku moja kulikuwa na sherehe. Hakikuambii nani atakuwepo Jumatano.

Kinachoniudhi zaidi ni mpangilio. Ukifungua ukurasa wa gemu pale Twitch, kawaida chaneli zinapangwa kutoka mwenye watazamaji wengi hadi mwenye wachache. Mwenye 20,000 yuko juu kabisa, wewe na wanne wako mko chini huko, mahali pa kuteremsha kidole hadi kichoke. Mgeni anabonyeza wa juu, wa juu anazidi kupanda. Ni ile ya stage ya Thika: matatu ikikaribia kujaa kila mtu anaikimbilia, hata kama iliyo tupu nyuma yake ndiyo iliyo safi. Makanga wanalijua hili, ndiyo maana huweka watu wa kukalia viti wajifanye abiria, kisha wanashuka mmoja mmoja wenyewe wakifika.

Boti ndizo hao. Lakini wa stage wanashuka kumpisha abiria, boti hazishuki. Zinakaa, hazisemi, hazinunui kitu, na kwenye gumzo kumenyamaza kama mochari huku juu imeandikwa watazamaji 60. Hata mtoto anaona. Mwaka 2025 Twitch yenyewe ilitangaza kwamba inakaza kamba dhidi ya watazamaji bandia. Kwa hivyo ukimlipa mtu akuletee boti, umelipia njia ya kufungiwa akaunti, na deni la apu bado linakupigia simu asubuhi.

Nasikia mtu akisema basi tushindane kihalali na Wamarekani. Sawa, tupige hesabu. Kustrimu kwa ubora wa kawaida, kilobiti 3,000 kwa sekunde, kunakula karibu GB 1.35 kwa saa. Zile saa 25 za Partner ni karibu GB 34, na hiyo ni picha ya wastani. Ukitaka picha kali ya kilobiti 6,000, zidisha mara mbili. Mwenye faiba nyumbani hajali. Anayestrimu kwa bando ya saa moja, akiomba stima isipotee, anashindana na mguu mmoja umefungwa. Tena saa mbili usiku kule New York, wakati watu wametulia kwa kochi, huku ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Nani wa Kiganjo anakesha mpaka hiyo saa na saa kumi na mbili anatakiwa awe kazini?

Mimi naona tumewakimbilia watazamaji wasio wetu. Rudi kwa hao wawili wa rekodi. TheGrefg na Ibai hawakuvunja rekodi kwa Kiingereza. Walizungumza Kihispania na watu wao, kwa saa za watu wao. Sisi tuna lugha ambayo UNESCO inasema ina wasemaji zaidi ya milioni 200, halafu kijana wa hapa akiwasha kamera anaanza kuongea kama amezaliwa Atlanta. Kijana huyo huyo ukimkuta kwa kibanda cha PS ni noma. Anatangaza mechi, anamkejeli mpinzani, watu wamesimama mlangoni bila kulipa kwa sababu ya mdomo wake. Ule mdomo ndio bidhaa. Anauacha kibandani, anaenda laivu na lafudhi ya kuazima.

Na nyinyi wenye kampuni mnaotafuta vijana wa kutangaza soda na simu, mna lawama yenu. Jamaa mmoja wa huku aliulizwa na kampuni fulani ana wafuasi wangapi, akajibu, barua pepe ikafa hapo. Wafuasi ndicho kipimo rahisi zaidi kuchafua, mtu alikufuata 2022 na hajarudi tena. Muulizeni watu wanakaa kwake dakika ngapi. Muulizeni ni wangapi waliorudi wiki iliyofuata, na gumzo lake lina majina mangapi tofauti. Strima mwenye watu 15 wanaorudi kila Ijumaa saa tatu usiku, wote wa Thika na Ruiru, anaweza kuwauzia kitu, kwa sababu duka analolitaja wanalijua na wanaweza kulifikia kwa mguu.

TikTok ni habari nyingine. Huko zawadi za watazamaji zinakupandisha kwenye orodha, yaani unapimwa kwa mfuko wa shabiki wako, na mashabiki wa mtaa huu tunawajua hali yao mwisho wa mwezi. Nitaiandikia peke yake.

Kwa sasa, wewe mwenye watazamaji wanne: angalia ni kina nani. Kama wawili kati yao hawakujui wala si binamu zako, Ijumaa washa tena saa ileile, saa moja na nusu, uzime.