Je, Mungu ameahidi kesho iliyo salama?

Ndugu msomaji, hebu fikiri kwamba wiki hii barua imefika nyumbani kwako. Mtoto uliyemsomesha kwa kuuza mitumba, kwa mikopo ya chama na kwa kujinyima mengi, amepata nafasi ya chuo kikuu. Nyumba nzima inashangilia. Kisha unasoma jina la chuo chenyewe: Garissa. Vigelegele vinakatika. Mama anaketi. Baba anaikunja barua na kuiweka juu ya kabati. Kijana naye anawatazama, asijue kama acheke au alie.

Hofu hiyo si ya bure. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku ya Alhamisi Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Na jambo linalomchoma Mkristo zaidi ni kwamba baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wamerauka kwenda kuomba. Mauti yaliwakuta wakiwa katika ibada ya asubuhi.

Basi mzazi anauliza, na pengine nawe umewahi kuuliza: ikiwa waliorauka kuomba hawakuokolewa, mimi nitamkabidhi Mungu mwanangu kwa tumaini gani?

Swali hilo si dhambi. Dhambi ni kulijibu kwa mzaha. Wako wanaosema kwamba ukiomba sana, ukifunga na kutoa sadaka, hakuna baya litakalokufikia. Je, watu hao wanaweza kusimama mbele ya mama aliyempoteza binti yake Garissa na kumwambia kwamba mtoto hakuomba vya kutosha? La hasha!

Imani si bima. Mwenye bima hulipa ada yake, na hasara ikitokea huenda kudai fidia. Wengi wetu tunamwendea Mungu vivyo hivyo. Tunakesha, tunatoa zaka, halafu tunamwonyesha risiti. Siku mambo yakienda kombo tunaona kwamba tumedhulumiwa.

Kumbuka Alhamisi Kuu ni siku gani. Ni usiku ambao Yesu mwenyewe alipiga magoti Gethsemane akaomba kikombe cha mateso kimwondokee. Hakikumwondokea. Hata hivyo aliyaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake, akainuka kuwakabili waliokuja kumkamata. Kama maombi yangekuwa bima, hakuna aliyestahili fidia kuliko yeye.

Jumamosi ya wiki ile ya 2015, siku moja kabla ya Pasaka, msichana wa miaka 19 alitolewa chuoni akiwa hai. Alikuwa amejificha kabatini siku mbili, akinywa mafuta ya kujipaka kwa kiu. Alisema alikuwa akimwomba Mungu. Wenzake waliokufa nao walikuwa wakiomba. Kwa nini huyu akatoka na wale wasitoke? Mimi sijui, na mtu akikuambia kwamba yeye anajua, mwogope.

Kumtumaini Mungu basi ni nini, ikiwa si kuhakikishiwa usalama?

Kwanza, si kujitia hamnazo. Jirani zetu Waislamu hufundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Garissa ni mji wa ngamia na mifugo, kwa hivyo fundisho hilo linaeleweka huko bila kufafanuliwa. Uliza hali ya usalama ilivyo sasa. Zungumza na wanafunzi walioko huko. Uliza kuhusu mabweni, walinzi na njia ya kusafiria. Kuuliza si kukosa imani.

Pili, ni kukubali kwamba hata mlango uliofungwa hauzuii kesho. Walionunua bidhaa Westgate mwaka wa 2013 walikuwa katikati ya Nairobi. Ukimweka mtoto nyumbani utakuwa umemwepusha na hatari moja tu kati ya nyingi. Baada ya abiria 28 kuuawa katika basi lililotoka Mandera Novemba 22, 2014, walimu wengi wa kutoka bara walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Siwalaumu hata kidogo. Lakini watoto wa huko walibaki bila walimu, na hofu yetu huwa na gharama ambayo mara nyingi hulipwa na mtu mwingine.

Tatu, ni kufungua macho kuona mkono ambao Mungu anautumia. Desemba 21, 2015, wapiganaji walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru abiria Waislamu na Wakristo watengane. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika shambulio hilo, akafa Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Kama ndani ya basi lile kulikuwa na Mkristo aliyeomba safari njema, jibu la ombi lake lilikuwa limeketi kiti cha pili. Na jibu hilo lilimgharimu mtu uhai wake. Kwa hivyo unapomwombea mwanao ulinzi, usimfundishe kumchukia jirani ambaye huenda ndiye atakayemlinda.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wapo wazazi waliopeleka watoto wao, na wapo waliokataa. Sitakuambia wewe ufuate upande upi, kwa sababu mtoto si wangu. Nakuomba jambo moja tu. Usimtume kwa kuwa umeahidiwa kwamba hatadhurika, hujaahidiwa. Wala usimzuie kwa kudhani kwamba Mungu haivuki daraja la mto Tana.

Leo jioni, baada ya chakula, iteremshe ile barua kutoka juu ya kabati. Keti na mwenzio na mtoto mwenyewe. Mwache kijana aseme anachokiogopa, nawe useme chako bila haya. Yale mnayoweza kuyafanya, yapangeni. Yale msiyoyaweza, ombeni juu yake bila kuweka masharti. Kisha amueni, na mkishaamua, laleni.

Kesho hatuijui, lakini tunamjua aliye nayo. Hilo halituondolei machozi. Linatuondolea upweke tu, na mtu asiye mpweke anaweza kutembea hata njia asiyoijua mwisho wake.