Nani Humzuia Rais wa Marekani?

Katiba ya Marekani haina cheo cha kiongozi wa upinzani. Mgombea urais akishindwa hurudi nyumbani mikono mitupu, na chama chake hubaki na maseneta na wawakilishi wasio na msemaji mmoja. Tangu Donald Trump aapishwe tena Januari 2025, chama cha Democratic kimeshutumiwa kwa ulegevu. Shutuma hizo zina ukweli, ila zinasahau kwamba wenye uwezo wa kumzuia rais wa Marekani ni watu wa chama chake mwenyewe.

Kumwondoa rais kunahitaji theluthi mbili ya kura za Seneti. Agosti 1974 vigogo wa Republican, akiwamo Barry Goldwater, walikwenda Ikulu kumweleza Richard Nixon kwamba kura za kumwokoa hazipo, naye akajiuzulu. Februari 2021, baada ya wafuasi wa Trump kuvamia jengo la Bunge, maseneta 57 walipiga kura ya kumtia hatiani wakati zilitakiwa kura 67. Saba tu kati yao walikuwa Republican.

Kilichobadilika ni hofu ya kura za mchujo. Wabunge wengi hutoka maeneo ambayo chama kimoja hushinda kila mara, hivyo anayewanyima usingizi ni mwanachama mwenzao. Kati ya wawakilishi 10 wa Republican waliounga mkono mashtaka hayo ya 2021 dhidi ya Trump, wawili tu walirudi bungeni. Liz Cheney, binti wa makamu wa rais wa zamani, aliangushwa vibaya Wyoming.

Wapo walionusurika. Januari 2, 2021, Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa Georgia na Republican mwenzake, akitaka zipatikane kura 11,780, moja zaidi ya tofauti ya kura aliyoshindwa nayo katika jimbo hilo. Raffensperger alikataa, na mwaka uliofuata akashinda mchujo wake.

Democratic wamebakiwa na silaha chache. Kanuni ya Seneti inayotaka kura 60 ili miswada mingi isonge mbele iliwawezesha kukwamisha bajeti, na serikali ikafungwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025. Nguvu nyingine iko majimboni. Texas ilipochora upya mipaka ya uchaguzi kuinufaisha Republican, wapiga kura wa California waliidhinisha Novemba 2025 ramani ya kulipiza. Kisasi hicho kinaeleweka, lakini kila ramani ya namna hiyo huongeza maeneo ambayo mshindi hupatikana kwenye mchujo, kabla uchaguzi mkuu wa Novemba haujafika.