Maiti kutoka Ghuba: Tuulize kabla dawa haijaingia mshipani

Sisi Wapwani tumezoea kuzika upesi. Mtu akifariki alfajiri, alasiri huwa yuko kaburini. Maiti zetu nyingi haziguswi na dawa ya mochari, na ndiyo maana wengi wetu hatujui dawa hiyo ni kitu gani. Lakini vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wanakwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani na udereva. Wengine hurudi ndani ya masanduku, miili imeshatiwa dawa. Naona ni wakati tulizungumze jambo hili waziwazi.

Dawa yenyewe ni fomalini, yaani gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa majini, na mara nyingi huchanganywa na methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Mhudumu huingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au pajani, akasukuma lita kadhaa za dawa, na damu ikatolewa kupitia mshipa mwingine. Fomaldehaidi hukaza protini za mwili, nyama ikawa ngumu na bakteria wakashindwa kuiozesha. Mashirika ya ndege kwa kawaida huitisha cheti kwamba kazi hiyo imefanywa kabla ya kupakia sanduku.

Hapo ndipo penye shida. Familia hupokea karatasi inayosema moyo ulisimama au marehemu alijiua, na wengine hawaridhiki. Wanataka daktari wa hapa aufanyie mwili uchunguzi mwingine. Lakini damu iliyotakiwa kupimwa ilishamwagwa kule, na iliyobaki imechanganyika na dawa. Methanoli huvuruga vipimo vya pombe. Sumu kama sianidi huweza kuharibiwa na fomaldehaidi yenyewe isionekane tena. Hata DNA hukatikakatika. Mfupa uliovunjika utabaki umevunjika, na nywele huenda zikasema jambo. Lakini swali la kwamba alipewa sumu au la, mara nyingi hukosa jibu.

Wenzetu walishapitia haya. Nchini Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, maiti za askari zilitiwa aseniki ili zifikishwe kwao. Baadaye aseniki ikapigwa marufuku katika kazi hiyo. Iliwadhuru watia dawa, na tena aliyeuawa kwa aseniki hakuweza kutofautishwa na aliyehifadhiwa kwayo. Fomalini ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Nayo fomalini haiwaachi salama walio hai. Mwaka 2004, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Walio hatarini zaidi ni wanaoivuta miaka nenda miaka rudi, kama wahudumu wa mochari. Lakini hata anayekutana nayo siku moja huwashwa macho na kukereketwa koo. Waosha wetu hulifungua sanduku katika chumba kidogo, mlango umefungwa kwa ajili ya sitara, mikono mitupu. Mwosha huoshwa, ni kweli, lakini tusimharakishe.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu. Kwanza, familia isikubali mwili utiwe dawa kabla ya kuuliza ubalozi: uchunguzi umefanyika? Ripoti iko wapi? Najua wapo kati yetu wasiopenda maiti kupasuliwa, nami naiheshimu imani hiyo. Lakini sampuli ya damu au mkojo huweza kuchukuliwa kwa sindano, bila kisu.

Pili, serikali iliyosaini mikataba ya kupeleka wafanyakazi huko iweke sharti kwamba kifo chochote cha ghafla au cha kutatanisha, sampuli zichukuliwe na kutunzwa kabla ya fomalini. Wabunge na maseneta wetu wa Pwani walipiganie hilo.

Tatu, kamati za misikiti ziwape waosha glavu na mahali penye hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Madirisha yaachwe wazi na sitara iwekwe kwa pazia. Na masheikh watoe mwongozo mapema kuhusu maiti hizi, ni lini zioshwe kwa maji na ni lini tayamamu yatosha, ili familia isianze kubishana sanduku likiwa tayari uani.

Kumzika maiti kwa heshima tunakujua vizuri. Haki yake nyingine ni ijulikane alikufaje, na haki hiyo hupotea au kuokolewa kule alikofia, katika saa chache kabla ya dawa. Tukingoja mpaka sanduku litue, tumeshachelewa.