Malaria Hakuna, Taifodi Hakuna, na Mgonjwa Anarudi

Mgonjwa amerudi tena. Mwezi uliopita kichwa, wiki iliyopita moyo kwenda mbio, leo mwili wote hauna nguvu. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Anaandikiwa antibaiotiki, vitamini na dawa ya maumivu. Anaondoka.

Hakuna aliyemuuliza.

Sonona inapita katika zahanati zetu mchana kweupe, na daftarini inaandikwa UTI, taifodi, vidonda vya tumbo. Wagonjwa wengi hawasemi wana huzuni. Wanasema kichwa kinawaka moto, usingizi umekata, chakula hakipiti, nina mawazo. Hayo mawazo ni dalili. Yaandikwe.

Asipoulizwa, anayetumia ARV ataanza kuruka dozi. Mama aliyejifungua hatamtazama mwanawe, na ndugu watasema ni uvivu. Mwingine ataletwa usiku akiwa amekunywa sumu.

Kuuliza hakuhitaji maabara. Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ya majibu mawili ikifika 3, maliza dodoso zima la PHQ-9: maswali 9, alama 27. Kuanzia 10, "jipe moyo" si tiba.

Lakini alama peke yake haitoshi. Pima damu, ulizia pombe, kagua tezi ya shingo. Uliza pia kama amewahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa halali na wala hachoki. Akisema ndiyo, usimwanzishie dawa ya sonona peke yake. Inaweza kumrudisha huko huko kwa kishindo. Mpe rufaa.

Swali la tisa la dodoso linahusu kifo. Ndilo linalorukwa.

Wahudumu wanaogopa kumtia mtu wazo. Kuuliza hakumtii wazo. Sheria nayo imewafunga wagonjwa midomo: Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kuliadhibu ni kinyume cha katiba; Tanzania bado ni kosa la jinai. Ndiyo sababu swali liulizwe faraghani, kwa sauti ya kawaida, bila karani mlangoni.

Sasa dawa. Amitriptilini ya kidonge kimoja usiku kwa ajili ya usingizi mara nyingi haifiki hata kipimo cha kutibu sonona. Ikimezwa nyingi kwa pamoja, husimamisha moyo. Kumkabidhi dozi ya mwezi mtu anayewaza kufa ni kumpa silaha. Mpe ya siku chache, na ndugu anayemwamini aitunze. Fluoksetini ni salama zaidi, ila huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, na kichefuchefu hutangulia. Asipoambiwa hilo siku ya kwanza, ataitupa siku ya tano. Akishapona aendelee nayo, isipungue miezi 6.

Msiseme hatuna daktari wa akili. Zimbabwe hawakumsubiri: tangu 2006 bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakizungumza nao tatizo moja baada ya jingine. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yaanze, kabla ya kidonge.

Tarehe ya kurudi iandikwe kabla hajatoka chumbani. Asipotokea, apigiwe simu siku hiyo hiyo.